Ringi ya Juu

Juma lililopita nilitoka Gesima asubuhi bila kujua naenda wapi. Kwangu si jambo geni. Nilikuwa nimekaa kwa mama siku kadhaa, nimeota jua, nimekula, nimesikiliza habari za waliooa na waliozikwa, kisha asubuhi hiyo nikaamka miguu inawasha. Nikanywa chai, nikavaa koti, nikamwambia mama natoka kidogo.

"Hiyo kidogo yako naijua," akasema, akanifungia ndizi za kuchemsha kwenye karatasi.

Kwenye njia panda nilikuta vijana wa bodaboda wameinamia simu moja. Nilipochungulia, nikaona wanamtazama dada yangu, Bosibori. Baba zetu ni ndugu wa tumbo moja, na kwetu hilo linatosha kumwita dada. Bosibori alicheza mpira wa vikapu mpaka akaichezea timu ya taifa. Sasa magoti yamechoka, na kazi yake ni kuzunguka akizungumza na vijana. Kwenye simu ile alikuwa akiwaambia wafanye mazoezi, wajiamini, wamtangulize Mungu.

"Umesikia, buda?" kijana mmoja akamwambia mwenzake. "Ni kujiamini tu. Hiyo ingine yote inajipa."

"Na mazoezi je?" nikauliza.

"Mazoezi ni ya watu hawana kipaji, mzee."

Mzee! Niliondoka nikicheka peke yangu. Nilishika njia ya kuteremka, na kila hatua ilinirudisha nyuma, kwenye siku ambazo hakuna simu iliyozinasa.

Sisi tuliokulia kwenye miteremko ile tulikuwa na uwanja mmoja tu wa kuchezea, nao ni mlima wote. Tuliteleza kwenye magome ya migomba kutoka juu kwa kina Nyambane mpaka karibu na mto, na mwenye kaptura nzima jioni alijulikana kuwa mwoga. Tulisukuma magurudumu. Tulisuka mipira kwa majani makavu ya migomba na kuifunga kamba mpaka ikawa migumu kama jiwe. Jioni tulirudi tunanuka matope na moshi, tukakuta ugali wa wimbi mweusi unafuka, pembeni chinsaga iliyolala kwenye maziwa tangu jana. Ile mboga ni chungu, na mtoto wa leo ukimwekea atakuuliza amekukosea nini. Sisi tuligombania sufuria.

Shuleni nako hakukuwa na mahali tambarare. Kwetu ukiweka chungwa chini, unalikuta kwa jirani. Mwalimu Makori, aliyetufundisha Kiswahili na michezo, alipoleta mpira wa vikapu, wazazi walimwonya kwamba mpira unaodunda hautakaa kwenye ardhi ile. Hakusikia. Alisimamisha miti miwili ya mkaratusi, mmoja juu ya uwanja na mwingine chini, akampa fundi wa kuchomelea vyuma kazi ya kupinda ringi mbili, akagongomea mbao. Kukawa na ringi ya juu na ringi ya chini.

Ringi ya chini haikutumika kwa zaidi ya juma moja. Ukirusha na kukosa, mpira uliruka ua, ukaingia kwenye shamba la chai, ukateremka mstari kwa mstari mpaka mtoni, na mrushaji ndiye aliyeufuata. Ukirudi, kengele imelia. Kwa hiyo sote tukahamia ringi ya juu. Pale ukikosa, mpira unakurudia wenyewe miguuni kama mbwa aliyefundishwa. Tuliona tumepata akili sana.

Bosibori alikuwa wa darasa la nane, mrefu, mwenye mikono mirefu na vidole vilivyobadilika rangi kwa utomvu wa chai. Mimi nilikuwa nimeshaacha shule. Niliishia darasa la saba, si kwa ujinga, bali kwa sababu dirisha la darasa lile lilitazama barabara ya Keroka, na kila gari lililopita lilinichukua nusu ya somo. Ila uwanjani sikukosa. Alfajiri, kabla ya kwenda kuchuma chai, Bosibori alipanda kule shuleni na mpira wa mwalimu, nami nikamfuata. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba ringi ilionekana ukiwa karibu tu. Alisimama chini yake, akarusha. Akarudi nyuma kidogo, akarusha. Akarudi tena. Kila aliporudi nyuma alikuwa anateremka, na ringi ilizidi kupanda. Alijifunza kuinama mbele na kusukuma kwa nguvu za miguu, kama mtu anayetupa mkungu wa ndizi juu ya gari. Mwishowe hata ukimwita akageuka, mpira ulikuwa tayari unaingia.

Siku moja baba mkubwa, yaani baba yake, alimkuta akitoka huko.

"Mpira hauchemshwi," akasema.

"Ndiyo, tata," Bosibori akajibu. Kwetu tata ndiye baba.

"Na haukaangwi."

"Ndiyo, tata."

Hakuwa mtu mbaya baba mkubwa. Alikuwa na watoto wengi na chai kidogo. Alikuwa ameshasema kwamba Bosibori akimaliza la nane abaki nyumbani ashike kikapu cha kuchumia, wadogo zake waendelee na shule. Alisema bila hasira, kama mtu anayesema kesho kutanyesha. Mama yake aliomba. Kila jioni tulimsikia nyuma ya jiko akimtaja Bosibori kwa Mungu kwa jina lake lote, na alipomaliza alitoka na kumwambia, "Mimi nimeshafanya yangu. Mungu hatakurushia mpira. Nenda ukarushe."

Ndipo Mwalimu Makori akaleta habari. Shule zilikuwa zikutane Kisii mjini, Jumapili, na mwalimu wa michezo wa shule moja kubwa ya wasichana angekuwepo kutazama. Msichana ambaye angempenda, shule yake ingempa nafasi ya kidato cha kwanza na kumsomesha mpaka amalize. Mwalimu alikwenda mwenyewe kumwomba baba mkubwa. Alikunywa chai vikombe viwili kabla ya kusema kilichompeleka.

"Aende," baba mkubwa akasema mwishowe. "Akirudi na shule, nitafurahi kama mtu yeyote. Akirudi bila shule, mwalimu, usinipandie tena mlima huu kwa maneno ya mpira."

Timu iliondoka Ijumaa asubuhi kwa lori, na lori likamwacha Bosibori. Ijumaa ilikuwa siku ya kupima chai, na baba yake alitaka ajaze kikapu kwanza. Nilimsaidia kuchuma, nikavuruga zaidi ya nilivyosaidia, mpaka karani akakataa majani yangu na kuyamwaga pembeni. Tulipomaliza, lori lilikuwa limepita zamani.

"Nitafikaje?" akauliza. Hakuwa analia, lakini alikuwa karibu.

"Tutembee," nikasema. Mpango wote ulikuwa huo.

Tulitembea mpaka Keroka, tukapata gari la ndizi linalokwenda soko la Daraja Mbili, Kisii mjini. Tulikaa juu ya mikungu. Na kulikuwa na jambo la kutuharakisha: sisi ni watu wa Sabato. Jua la Ijumaa likizama, kazi imekwisha, safari imekwisha, mchezo umekwisha, mpaka jua la kesho nalo lizame. Mwalimu alikuwa amepanga wasichana walale kwa familia za kanisa kule kilimani Nyanchwa, na katika nyumba zile mgeni anayebisha hodi gizani siku ya Ijumaa anaanza vibaya.

Tulifika mjini jua likiwa bado lipo, likimeta kwenye mabati. Tukakuta timu kwenye uwanja wa mashindano, wanamalizia kujaribu mikono. Ulikuwa uwanja wa saruji, wa kwanza kuuona maishani. Bosibori alivua viatu, akaukanyaga taratibu kama mtu anayeingia nyumba ya wenyewe. Akapewa mpira. Akainama mbele, akasukuma.

Mpira ulipita juu ya ubao.

Wenzake, ambao nao walikuwa wamekosa, wakacheka kidogo, wakidhani ni uchovu wa safari. Akarusha tena, ukapita tena. Akasogea karibu, ukagonga ukingo wa juu na kuruka mbali. Hakuna hata mmoja ulioingia. Upande wa pili kulikuwa na wasichana wa mjini wenye raba nyeupe, na mmoja akapiga kelele, "Madam, hawa wa majani chai wanalenga ndege!" Mama mmoja mwenye filimbi shingoni, aliyekuwa amekaa kwenye ngazi, alitazama, akaandika kitu, akatazama pengine. Mwalimu Makori akatunong'oneza kwamba ndiye yule mwalimu wa michezo.

Bosibori aliomba arushe mara moja zaidi. Mwalimu akatazama magharibi, akauchukua mpira, akautia kwenye gunia na kulifunga.

"Jua linakwenda," akasema. "Twendeni."

Nilimsindikiza kupanda kilima. Karibu na lango la nyumba aliyopangiwa akasimama.

"Imeniacha," akasema.

"Nini?"

"Ile. Ile iliyokuwa mkononi. Mungu ameichukua."

Mimi nilikuwa mtaalamu wa barabara tu.

Alipokelewa na Mama Kerubo, mama mnene wa kanisa aliyekuwa akizima jiko kwa haraka, mboga zimeshapikwa za siku mbili, viatu vya watoto vimeshapakwa rangi na kupangwa mlangoni. Mimi alinipa godoro chumba cha wavulana wake. Tuliimba, tukaomba, tukala. Bosibori alishika kijiko bila kukitumia. Baadaye akaniita kando akaniuliza kama gunia la mipira liko kwa mwalimu. Nilijua anachofikiria. Saa zote za kesho zitapita, wasichana wa raba nyeupe wengine si wa Sabato, watashinda uwanjani wakirusha, na yeye atakuwa amevaa sketi ya kanisani, mikono mapajani.

Mama Kerubo hakuwa kiziwi.

"Mwanangu," akasema, "kesho ukishika mpira sitakupiga. Si mtoto wangu. Lakini nataka nikuulize. Mazoezi yako umefanya ama hukufanya?"

"Nimefanya, mama. Kila asubuhi."

"Basi kesho unaogopa nini? Hayo ya kila asubuhi yataoza kwa siku moja?"

Bosibori akainamisha kichwa. Hakwenda kuulizia gunia.

Sabato ile ilikuwa ndefu. Tulikaa kanisani asubuhi yote, na wakati wa mahubiri mvua ya Kisii ikaja kwa kishindo, mabati yakamshinda mhubiri, akakaa chini kungoja. Alasiri mbingu ikafunguka, na Mama Kerubo akatutoa matembezi, kama watu wa kanisa wafanyavyo siku hiyo, kutazama kazi za Mungu. Tulitazama miti. Tulitazama ng'ombe wa jirani. Kisha njia ikatupitisha juu ya ule uwanja wa saruji, na Bosibori akasimama.

Hakukuwa na mtu kwa sababu ya mvua. Maji yalikuwa yamejaa uwanja mzima, madimbwi kwa madimbwi, yametulia kama vioo, mawingu yamo ndani yake.

"Mama," akauliza, "kutazama uwanja ni dhambi leo?"

"Inategemea unatazama nini."

"Natazama maji."

"Maji ameumba Mungu. Tazama."

Alitazama muda mrefu mpaka Mama Kerubo akaanza kupepesuka kwa kuchoka. Kisha akanigeukia, uso umefunguka.

"Yamesimama," akasema. "Unaona? Yamesimama tu. Kwetu mvua ikiisha, uwanja umekauka, maji yote yako mtoni."

Sikuelewa.

"Ni tambarare! Sisi tumezoea kusukuma kupandisha mlima. Hapa hakuna mlima. Si mkono wangu, wewe. Ni miguu inadhani iko nyumbani."

Alicheka, akaziba mdomo kwa sababu ya Sabato, akacheka tena. Kule kwetu wote tulikuwa tumekulia kwenye mteremko mpaka tukausahau, na hakuna aliyewahi kufikiri kwamba ardhi inaweza kulala. Tangu hapo mpaka jua lilipozama hakugusa kitu. Usiku alilala kama mtoto aliyenyonya. Mama Kerubo alituambia asubuhi kwamba alikoroma.

Jumapili uwanja ulifagiwa maji, watu wakajaa. Bosibori aliwaambia wenzake wasisukume, wasimame wima, lakini nani anasikia maneno kama hayo kelele zimeanza? Mpira wake wa kwanza ulifika pungufu, haukugusa hata chuma. Wale wa mjini wakashangilia: "Majani chai! Majani chai!" Niliona Mwalimu Makori amefumba macho. Wa pili nao ukagonga chini ya ringi. Nikamtazama Bosibori nikitegemea kuona ule uso wa Ijumaa. Hakuwa nao. Alikuwa amekunja uso kama mama anayeonja chumvi: bado kidogo, ongeza. Wa tatu ukaingia.

Baada ya hapo nilipiga kelele nyingi kiasi kwamba sikumbuki vizuri. Nakumbuka wale wa raba nyeupe walinyamaza, kisha wakaanza kuitana, "Mshike huyo mrefu! Mshike!" Nakumbuka hakushikika. Tulishindwa mchezo ule, maana wenzake waliendelea kulenga ndege mpaka filimbi ya mwisho. Lakini yule mama wa ngazini alishuka.

"Ijumaa nilikuona hapa," akamwambia. "Hukuingiza hata mmoja. Jana ulifanyia wapi mazoezi?"

"Jana ilikuwa Sabato, mwalimu," Bosibori akasema.

Yule mama alimtazama kuona kama anamfanyia mzaha. Kisha akageukia Mwalimu Makori. "Mwambieni baba yake aje tuzungumze."

Baba mkubwa aliniita Jumatatu asubuhi, maana mimi ndiye niliyekuwa na mdomo. "Wewe mzururaji," akasema, "ni kweli wamemchukua, au ni maneno ya mpira?" Nikamwambia ni kweli. Akaondoka. Siku Bosibori alipokwenda shule, sanduku kichwani, mama yake nyuma yake akiimba, tulimtafuta baba mkubwa ili amuage, tukamkosa. Tulimwona tulipofika barabarani. Alikuwa katikati ya chai, kikapu cha Bosibori mgongoni, anachuma mistari yake. Alinyoosha mkono juu, majani yamejaa ngumi, akaushikilia hapo mpaka tulipopita.

Hayo hayamo kwenye simu. Bosibori huwaambia vijana yale matatu, mazoezi, kujiamini na Mungu, nao hubeba moja jepesi na kuacha mengine njiani. Siwalaumu sana. Wana viwanja vya saruji hata huko kwetu siku hizi, wana raba, wana mipira isiyotobolewa na miiba. Video zinawaonyesha hata namna ya kukunja kidole. Sisi tulikuwa na ringi moja ya kupanda na ukungu. Hata hivyo naona kuna kitu tulipewa ambacho wao hawapewi, nacho ni siku nzima ya kukatazwa. Siku ya kuachwa na mikono mitupu, mpaka uone maji yamesimama. Leo nani atamkataza kijana kitu kwa siku nzima? Simu yenyewe haizami kama jua.

Nilitembea na mawazo hayo, nikapanda gari hapa, nikashuka pale, na jioni nikajikuta Tabaka. Katika kuzurura kwangu kote sikuwahi kufika. Barabara ni nyeupe kwa vumbi la mawe, na kila ua kuna watu wamekaa wanachonga, wanapiga msasa, viboko na sahani na twiga wa mawe wamepangwa kwenye maji ili wang'ae. Nikauliza malazi, nikaelekezwa kwa mama mmoja mwenye vyumba vya kupangisha nyuma ya karakana.

"Unakaa mpaka lini?" akauliza.

"Sijui, mama."

"Unafanya kazi gani?"

"Natembea."

Alinipima kwa macho, akafungua mlango wa chumba. Kitanda, dirisha, ndoo. "Kama unataka maji ya moto, sema sasa," akasema. "Leo Ijumaa. Jua likizama sikuwashii jiko, hata uwe chifu."

Nikamwambia nataka. Niliketi kizingitini nikinawa miguu, nikisikiliza. Kulikuwa na sauti za patasi na msasa pande zote. Jua lilipogusa kilima, karakana moja ikanyamaza, kisha nyingine, kisha ya tatu. Zile nyingine ziliendelea, na redio zikapanda juu kidogo kujaza nafasi. Zamani, kwetu, ungesikia mlima mzima ukinyamaza kwa pamoja, hata mbwa. Niliinua miguu kutoka kwenye maji, nikaikausha, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi haikuwasha.